BABA, MTOTO NA UPEPO WA ZIWA

Watu wa Rulenge ni watu wa milima na migomba, na maji waliyoyazoea ni maji ya mito. Mto Ruvubu, upitao katika wilaya ya Ngara, hukutana na Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji hayo huteremka hata Ziwa la Victoria. Si ajabu, basi, kwamba watu nao hufuata njia ya maji: baba humchukua mwanawe, wakapita Biharamulo mpaka ufukoni kwa Chato, ili amfundishe kuvua. Jambo hili ni jema, maana mtoto hujifunza kazi kwa kuitazama mikono ya mzazi. Lakini mtu wa milimani huijua mvua asiujue upepo wa ziwa. Kwa hiyo tumeona vema kuyaeleza mambo haya.

Ziwa la Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, nalo ni kubwa hata hujifanyia upepo wake lenyewe. Mchana jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu, ikipata joto, hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Ndiyo sababu mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, bali maji hulihifadhi joto lake. Upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa dagaa huutumia upepo huo kutoka na taa zao, na ule wa mchana kurudi. Lakini fikirini: ziwa lina nchi kavu pande zote, kwa hiyo pepo za usiku hutoka pande zote na kukutana katikati. Hapo hewa yenye unyevu haina njia ila kupanda juu, ikawa mawingu makubwa yenye radi. Ndiyo maana tufani nyingi za ziwa hili huzaliwa usiku na kuvuma hata asubuhi. Tena pepo za mashariki huzisukuma upande wa magharibi, upande wa Kagera. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na Ngara kama nusu yake.

Hapa pana hila inayowadanganya wageni. Upepo utokao nchi kavu hauinui mawimbi makubwa karibu na ufuko, kwa kuwa haujapata nafasi. Baba husimama ufukoni, akaona maji yametulia, akasema, "Leo ni salama." Akiisha kwenda mbali, upepo ule ule umeyakuza mawimbi, nao sasa unamzuia asirudi.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya. Katika watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuwaokoa. Ikiwa asubuhi ya ziwa huweza kuwa ngumu hata kwa ndege, mtumbwi je?

Basi, dalili ni hizi. Wingu likipanda juu kama mnara na chini yake ni jeusi, geuza chombo. Upepo ukikatika ghafula, kisha ukavuma wa baridi, tufani iko karibu, maana hewa baridi iangukayo kutoka winguni hutangulia mvua. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike: kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Zikipungua thelathini, inafaa uwe umekwisha fika nchi kavu. Tena, kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tangu mwaka 2017 hata 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilishirikiana na idara za Afrika ya Mashariki kuboresha utabiri wa ziwa hili kwa ajili ya wavuvi.

Kwa habari ya mtoto, kumbuka kwamba mwili mdogo ukilowa hupoa upesi kuliko wa mtu mzima. Jaketi okozi la mtu mzima humchopoka majini. Apewe la kipimo chake, alivae tangu ufukoni. Tufani ikiwakuta, mtoto aketi chini katikati ya chombo, wala asisimame. Baba aielekeze omo kwenye mawimbi, na maji yaingiayo yatolewe kwa kopo pasipo kukoma. Chombo kikipinduka, mshike mtoto na mshikamane na chombo: mtumbwi wa mti kwa kawaida huelea, na aliyeuacha ili aogelee huchoka kabla ya kufika.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Wenyeji wakitoka, usiwafuate kwa kuwa wametoka tu. Waulize wameona nini. Nao wakiketi ufukoni, keti nao. Pengine mtoto atalia kwa kuwa safari ndefu imekwisha bila samaki. Mwache alie, kisha mwonyeshe wingu na kumweleza. Siku hiyo atakuwa amejifunza nusu ya kazi ya uvuvi, na ndoana haijalowa bado.