Kuwinda Mbweha kwa Farasi na Mbwa

Sisi wa mwambao wa Kigoma na Ujiji twamjua mwindaji na mbwa wake. Lakini mwindaji juu ya farasi ni jambo geni huku. Sababu ni mbung'o: farasi akiumwa porini hushikwa na nagana, akafa. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji habari za uwindaji huo, maana una fundisho kwetu.

Huko Uingereza mbweha ni mnyama mwekundu, mwizi wa kuku. Zamani wakulima walimwua kwa wizi wake. Baadaye matajiri walifanya kumfukuza kuwa mchezo. Mbwa wao huhesabiwa wawili wawili, nao hufuata kwa pua, si kwa macho. Kiongozi hupiga baragumu, na wapanda farasi, wengine wamevaa koti jekundu, huruka nyua na mitaro nyuma yao. Nyama ya mbweha hailiwi. Furaha ni mbio zenyewe.

Walowezi wa Kenya walileta desturi hii. Kabla ya Vita ya 1914 Bwana Jim Elkington alifuga kundi la mbwa hao karibu na Nairobi, wakawinda bweha wa nchi, kwa kuwa mbweha wa Ulaya hayupo.

Lakini wengi waliuliza: Je, yafaa mnyama araruliwe ili watu wafurahi? Wenye mchezo walijibu kwamba mbweha hana budi kupunguzwa, na kwamba wako wapatao riziki kwa kutunza mbwa na farasi. Baada ya mabishano marefu Scotland ilikataza mwaka 2002. England na Wales zikapata sheria yao mwaka 2004, nayo ikaanza tarehe 18 Februari 2005. Tangu hapo mbwa hupewa kufuata harufu ya kitambaa kilichoburutwa chini, ingawa wako wanaoshuku kwamba mbweha huuawa bado.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 yakataza kuwinda kwa mbwa pasipo ruhusa. Wako wanung'unikao kwamba sheria humwonea maskini. Basi wajue ya kuwa hata tajiri mwenye farasi amezuiwa. Walakini twakiri mzigo si sawa: yule amepoteza mchezo, huyu amepoteza kitoweo. Kwa hiyo wakuu wa vijiji na walimu wasiseme "imekatazwa" tu, bali waeleze sababu: mbwa hachagui, humkamata mwenye mimba na mtoto sawasawa, na pori likiisha wanyama hata mwenye ruhusa hapati kitu. Sheria isiyoelezwa huvunjwa gizani.