Usipoziba ufa: mkanda wa taimingi ulivyobadilishwa uani

Na Mwandishi Wetu

Jumapili moja asubuhi, wakati majirani walipokuwa wakitoka kwenda kanisani, shemeji yangu alikuwa ametandika turubai chini ya mwembe wa uani kwake, na juu yake amepanga spana, soketi, jeki na magogo ya kuzuia magurudumu. Mbele ya turubai ilisimama pikapu yake, Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ya lita 2.8. Pikapu hiyo ndiyo inayochukua mananasi kutoka Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, na kuyafikisha sokoni Dar es Salaam. Mananasi hayo ndiyo unga wa nyumba ile, ndiyo sare za watoto, na ndiyo dawa ya mama mzazi wa shemeji.

Ajabu ni kwamba gari lile halikuwa na ubovu wowote. Lilikuwa likiwaka vizuri na kupanda vilima bila kulalamika. Aliyelisimamisha ni dada yangu, kwa daftari lake la matumizi ya nyumbani.

Daftari lasema, taa yanyamaza

Katika daftari hilo dada huandika kila kitu: mafuta, matairi, oili, na kilometa zilizosomwa siku hiyo. Juma lililotangulia alikuwa amejumlisha hesabu, akaona kwamba tangu waliponunua gari lile mkononi mwa mtu, limekwenda kilometa 92,000. Akatafuta mahali palipoandikwa kuwa mkanda wa taimingi umebadilishwa. Hapakuwepo.

“Lakini mama watoto, taa haijawaka,” alisema shemeji.

Taa aliyoitaja ni ile ndogo yenye maandishi ya T-BELT, iliyomo katika dashibodi za magari mengi ya dizeli ya Toyota. Kwa kawaida huwaka kila zinapotimia kilometa 100,000. Jirani yao, mzee aliyestaafu ufundi wa magari, alipoulizwa alitikisa kichwa.

“Mwanangu, taa ile huhesabu kilometa tu, haiutazami mkanda. Mtu anaweza kuizima ili auze gari, na mkanda ukabaki ule ule. Wewe unajua aliyekuuzia alifanya nini?”

Shemeji hakuwa na jibu. Hivyo ndivyo Jumapili ile ilivyopatikana.

Kazi ya mkanda huo

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza kwa nini kipande cha mpira kisumbue familia nzima. Mkanda wa taimingi una meno upande wa ndani. Huzungushwa na krenkishafti, ambayo hupokea nguvu ya pistoni, nao huizungusha kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, wala haiwahi wala haichelewi. Katika injini ya 3L mkanda huo huo huizungusha pia pampu ya dizeli, ili mafuta yaingie katika silinda kwa wakati wake.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Hewa hushindiliwa mpaka ikawa kidogo sana, katika 3L takriban sehemu moja ya ishirini na mbili ya ilivyokuwa, ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Kwa sababu hiyo nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni finyu mno. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, kamshafti husimama na valvu nyingine hubaki wazi, hali pistoni bado zinapanda. Chuma hugonga chuma. Valvu hupinda, na mara nyingine pistoni na silinda hedi huharibika. Mkanda mmoja uliopuuzwa huweza kuiua injini nzima.

Kazi yaanza

Mzee alikubali kusimamia kwa sharti moja: watoto wakae mbali, na jeki isiaminiwe peke yake. Injini ilikuwa imelala usiku kucha na kupoa. Waya wa betri wa upande wa hasi ulifunguliwa kwanza. Maji ya rejeta yalimwagwa katika beseni, rejeta ikatolewa ili kupata nafasi, kisha feni na mikanda yake. Kazi iliyotoa jasho ni bolti ya puli ya krenkishafti, ambayo hukazwa sana kiwandani. Puli yenyewe haikugongwa kwa nyundo bali ilivutwa kwa kifaa chake.

Kifuniko kilipotoka, mzee aliwataka waizungushe injini kwa spana, kwa upande wake wa kawaida tu, mpaka alama zote tatu zikae mahali pake: ya krenkishafti, ya kamshafti na ya pampu. Kila gia ina alama yake, na mwili wa injini una alama inayolingana nayo. Dada alizipaka rangi nyeupe ili zionekane.

“Sasa mkanda ukitoka,” mzee alionya, “mtu asiguse gia yoyote. Ukizungusha moja peke yake, valvu zitakutana na pistoni hapa hapa chini ya mwembe.”

Mkanda wa zamani ulipotolewa na kukunjwa mgongo, nyufa zilionekana waziwazi, na katika meno mawili mpira ulikuwa umeanza kubanduka. Shemeji aliushika kitambo bila kusema neno.

Kigurudumu cha kukazia mkanda kilibadilishwa pia, kwani beringi yake ikivunjika hasara ni ile ile. Sili za oili zilikaguliwa, maana oili hulainisha na kuoza mpira. Mkanda mpya ulivikwa kwa mikono mitupu, bila kuchokonolewa na bisibisi wala kukunjwa kwa nguvu.

Jino moja

Ilipofika saa tisa mchana shemeji alitaka kuwasha. Mzigo wa mananasi ulikuwa ukimngoja alfajiri. Mzee akakataa. Aliagiza injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenkishafti, ili kamshafti imalize mmoja, ndipo alama zitazamwe tena.

Alama ya krenkishafti ilirudi sawasawa. Ya pampu ilirudi. Ya kamshafti ilipungua jino moja.

“Jino moja tu, Mzee,” alisema shemeji kwa sauti ya uchovu.

“Jino moja leo ni moshi, kugonga na kuwaka kwa taabu. Mawili au matatu ni valvu. Fungua.”

Walifungua. Kosa lilikuwa kwamba mkanda uliachwa na ulegevu upande unaovuta, badala ya kuuacha wote upande wa kigurudumu cha kukazia. Waliuvika upya, wakazungusha tena mara mbili, na alama zote tatu zikakaa. Jua lilikuwa limeshazama injini ilipowashwa. Ilinguruma kama ilivyokuwa imezoea.

Si kila mtu aifanye kazi hii mwenyewe. Asiye na vifaa vyake, kitabu cha injini yake na mtu aliyekwisha kuifanya, na ampelekee fundi. Tena si kila dizeli ina mkanda: TD27 ya Nissan hutumia gia, na 1GD ya Toyota, iliyotoka mwaka 2015, hutumia mnyororo. Lakini 1HZ ya Land Cruiser ina mkanda, na 1KD na 2KD za Hilux vilevile. Mwenye gari hana budi kujua lake ni lipi, na kama amelinunua bila kumbukumbu, auhesabu mkanda kuwa ni wa zamani.

Kabla ya kula, dada alileta brashi ile ile ya rangi nyeupe, akaandika juu ya kifuniko tarehe na kilometa za siku ile. Kisha akayaandika hayo hayo katika daftari, chini ya bei ya unga.