Mama, Naomba Sabuni!

Leo tunakwenda kula. Hatuendi kwenye zile hoteli kubwa za mjini ambazo ukisoma bei tu unashiba. Tunakwenda hapa hapa mtaani, kwa mama lishe: mabenchi mawili, meza yenye kitambaa cha plastiki, redio inaongea pembeni, na harufu ya maharage yaliyoungwa inakuita tangu ukiwa barabarani. Wengine wanaita mgahawa, wengine kwa mama ntilie, wengine hotelini. Jina lolote, pale ndipo wanafunzi wengi tunapokula, hasa wale wanaopanga vyumba mbali na nyumbani.

Kazi yangu ni kuzunguka shuleni nikizungumza na vijana kuhusu afya, kwa hiyo mimi ni mteja mzuri sana wa sehemu hizi. Safari moja nilikuwa Ziba, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Nikaingia kwenye kihoteli kimoja karibu na barabara. "Mwangaluka mayu," nikasalimia kwa Kisukuma changu cha kuazima. Mama akacheka, akaitikia, kisha akanionyesha kwa kidole ndoo yenye koki iliyokaa juu ya kigoda mlangoni. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye wavu. "Nawa kwanza mwanangu, chakula hakikimbii."

Ni jambo dogo, lakini lilinikumbusha kitu ambacho nakionea haya mpaka leo.

Miaka miwili kabla ya hapo, mkoa mwingine, niliingia kwenye hoteli nyingine. Jina lake naliacha. Nilikuwa nimetoka darasani muda huo huo kufundisha kunawa mikono! Mezani kulikuwa na beseni moja la maji. Watu wanne walishanawa humo mbele yangu, mafuta yanaelea, sabuni hakuna. Nilitaka kuomba maji mengine. Nikaona aibu. Nikajisemea, "Wataniona najidai msomi." Nikachovya vidole, nikala. Siku ya tatu nilikuwa nimelazwa, nimetundikiwa dripu, na semina ya wanafunzi zaidi ya mia imeahirishwa. Daktari hakuweza kuapa kwamba ni lile beseni. Lakini mimi najua kwamba nilinyamaza mahali ambapo nilitakiwa kusema.

Makala hii ni kwa ajili yako wewe ambaye unajua, lakini unaona aibu.

BESENI LA PAMOJA LINA KOSA GANI?

Ukweli ni kwamba vijidudu vingi vya kuharisha, kuhara damu, homa ya matumbo (taifodi) na kipindupindu vina safari moja: vinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia kwenye mdomo wa mtu mwingine. Inatia kinyaa kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Usafiri wao ni mikono, maji, nzi na vyombo.

Sasa fikiria beseni. Wa kwanza ananawa, uchafu wake unabaki majini. Wa pili anauchukua na kuacha wa kwake. Wewe wa tano unapokea zawadi za watu wanne. Halafu unamega ugali, unaufinyanga tonge kiganjani, unachovya mchuzi, unakula. Hakuna chakula kinachoshikwa na kiganja kama ugali!

Dawa yake ni maji yanayotiririka pamoja na sabuni. Si lazima bomba. Birika na mtu wa kukumiminia vinatosha. Ndoo yenye koki inatosha. Hata kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, ambacho unakiinamisha kwa kukanyaga kijiti, kinatosha, tena kinatumia maji kidogo sana. Utafiti uliofanyika katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kunawa kwa sabuni kunaweza kupunguza magonjwa ya kuharisha kwa karibu theluthi moja. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde kama 20.

Unakumbuka mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia? Ndoo zenye koki zilijaa kwenye milango ya maduka, ofisi na hoteli. Baadaye nyingi zikapotea, utadhani kipindupindu na taifodi navyo vilifunga virago. Havikufunga.

UGONJWA ULIOTEMBEA NA MISAFARA

Wanafunzi wa Tabora mnaijua historia hii. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilianzia pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Tabora, kisha ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine zikapanda kaskazini. Wapagazi walibeba pembe za ndovu na vitambaa, na watumwa walipitishwa humo humo kwa mateso makubwa. Maelfu ya watu walilala pamoja, wakapika pamoja na kunywa maji ya visima vile vile.

Daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba ugonjwa ule ulisafiri kwa kufuata njia zile zile za biashara. Watu walipotembea, nao ulitembea.

Leo misafara ni mabasi na malori. Dereva amekula asubuhi Mwanza, mchana yupo Igunga, usiku yupo Dodoma. Kila anaposimama, anasimama wapi? Hotelini! Benchi unalokalia wewe, jana alikalia mtu wa mkoa mwingine kabisa. Hilo si baya, tena ndiyo raha ya kula nje: unasikia habari za mbali. Ila mkono wake na wako visikutane kwenye beseni moja.

Na usifikiri kipindupindu ni hadithi za kale. Mwaka 1997 Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,200 kati yao walifariki. Mwezi Agosti 2015 kiliibuka tena Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi.

"LAKINI MPISHI ANAONEKANA MZIMA!"

Kuonekana mzima hakutoshi. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko New York, Marekani, alikuwepo mpishi aliyeitwa Mary Mallon. Alikuwa na nguvu zake, haumwi chochote. Lakini familia nyingi alizopikia zilishikwa na taifodi. Mwaka 1907 ikagundulika kwamba alikuwa amebeba vijidudu vya ugonjwa huo mwilini bila yeye kuugua. Alitengwa, akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Maisha yakambana, akarudi jikoni kwa jina la bandia, na mwaka 1915 akakamatwa na kutengwa mpaka alipofariki mwaka 1938.

Kisa hiki kinasikitisha. Mary hakuwa mtu mbaya. Alihitaji kazi, na hakuamini kwamba mtu asiyeumwa anaweza kuambukiza. Ndiyo maana wanaoandaa chakula cha biashara wanatakiwa kupima afya mara kwa mara, na bwana afya au bibi afya anapita kukagua. Siyo kumwonea mama lishe. Ni kumlinda yeye, wanawe na wateja wake.

KIPORO NA HESABU

Chukua kalamu. Kijidudu kimoja kwenye chakula cha uvuguvugu kinaweza kugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20 hivi. Baada ya saa 2 vinakuwa 64. Baada ya saa 4 ni 4,096. Baada ya saa 6 ni 262,144! Na hapo tulianza na kimoja tu.

Kwa hiyo chakula kiwe cha moto kweli kweli, kinatoa mvuke. Kilichopikwa asubuhi na kukaa wazi mpaka jioni ni hatari. Kupasha mpaka kichemke kunaua vijidudu vingi, lakini si kila kitu. Wali una ujanja wake: kuna kijidudu ambacho mbegu zake zinavumilia kupikwa, na wali ukikaa nje muda mrefu zinaamka na kutengeneza sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha. Wali uliolala nje usiku kucha, mwachie mwenyewe.

MACHO YATANGULIE TUMBO

Kabla hujaagiza, angalia mambo haya. Hayachukui hata dakika moja:

1. Maji ya kunawa. Je, yanatiririka? Sabuni ipo?

2. Chakula. Kipo kwenye moto au kimefunikwa? Au nzi wameshaanza kula kabla yako?

3. Vyombo. Sahani zinaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji mengine, au zinachovywa tu kwenye ndoo moja ambayo maji yake yamegeuka mchuzi?

4. Mpishi. Anashika pesa na chapati kwa mkono ule ule bila kunawa?

5. Maji ya kunywa. Yamechemshwa au kutiwa dawa? Na ile juisi imetengenezwa kwa maji gani?

6. Kachumbari. Haipiti motoni. Kama huna uhakika na maji yaliyoioshea, iache. Ndizi unayoimenya mwenyewe ni salama zaidi.

Tusisahau upande wa pili. Sehemu nyingi za mkoa huu, kiangazi kikikolea, ndoo ya maji ni mali. Mama lishe anayekupa maji kidogo si mchafu kwa kupenda. Pengine amenunua ndoo hiyo, au ameifuata mbali alfajiri. Ndiyo maana koki na kibuyu chirizi ni mkombozi: vinatoa maji kidogo kidogo, na kila mteja anapata yake safi.

UTASEMAJE BILA KUMVUNJIA HESHIMA?

Hapa ndipo tunapokwama wengi. Tumelelewa kwamba mtoto hamkosoi mkubwa, na mgeni hadai. Ni malezi mazuri. Lakini kuomba siyo kukosoa. Jaribu hivi:

"Shikamoo mama. Samahani, mikono yangu imejaa chaki, naomba sabuni."

"Mama, naomba unimiminie kwa kikombe, usisumbuke na beseni."

"Mamdogo, hayo maharage naomba uyarudishe kidogo motoni, nayapenda yakiwa yanaunguza."

Umeona? Hujamwambia ni mchafu. Umesema haja yako. Mara nyingi atakujibu "haya mwanangu", yamekwisha. Asipotaka, lipia chai yako ya moto, aga vizuri, kale kwingine. Na akikupa, mshukuru kwa sauti ili wengine wasikie. Mteja mmoja akiomba sabuni ni msumbufu. Wateja kumi wakiomba, sabuni itakaa mezani yenyewe.

Klabu yenu ya afya inaweza kufanya zaidi. Tengenezeni kibuyu chirizi kwa kidumu cha lita 5, kamba na kijiti, mkampelekee yule mama mnayekula kwake kila siku. Gharama yake haifiki hata sahani moja ya wali na nyama.

UKIHARISHA, USISUBIRI

Kinachoua haraka kwa mgonjwa wa kuharisha ni kupoteza maji na chumvi. Anza na maji ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa. Kama hakuna, tengeneza mwenyewe: maji lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Usizidishe chumvi. Kunywa kidogo kidogo, mara nyingi, huku ukielekea kituo cha afya.

Ukiona choo kama maji ya mchele, damu, homa kali, kutapika kusikokoma au mgonjwa kulegea, usingoje kesho. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini mgonjwa akiwahi matibabu, karibu wote wanapona. Hakuna aibu kusema unaharisha!

Msomaji, sisemi uache kula kwa mama lishe. Mimi mwenyewe nitarudi pale Ziba, kwa wali na maharage yale, Mungu akipenda. Nakuomba jambo moja tu. Wiki hii, mara moja, mbele ya watu, sema: "Mama, naomba sabuni." Halafu tuandikie utueleze alikujibu nini.