Usajili wa mhandisi: Kazi isiyoandikwa haivuki mpaka

SOKO la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 1, 2010. Desemba 2012, bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana, na Rwanda ikajiunga baadaye. Kwa makubaliano hayo, mhandisi aliyesajiliwa Kampala anaweza kuomba kutambuliwa Nairobi au Dodoma kwa kutumia usajili wa kwao.

Lakini mlango huo ni wa aliyekwisha kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mwenye shahada peke yake hubaki nje, hata kama amekuwa akikanyaga zege tangu alipohitimu. Ndiyo maana kwa kijana anayetamani kazi kwenye bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, au kwenye miradi ya barabara na reli zinazounganisha nchi hizi, safari huanza na faili lake la maombi kwenye bodi ya nyumbani.

Masharti ya muda yanajulikana. Nchini Kenya, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mhitimu awe na uzoefu wa vitendo usiopungua miaka 3, kisha apimwe. Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) inaendesha mpango wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, ulioanza mwaka 2003, ambapo mhitimu hukaa miaka 3 chini ya mhandisi mlezi.

Kutimiza miaka hiyo ni hatua ya kwanza tu. Watahini wanataka kujua mwombaji aliitumiaje.

Nani aliamua?

Hapo ndipo malezi mema yanapoweza kumponza mtu. Kijana aliyefundishwa kutojisifu mbele ya wakubwa huandika ripoti nzima kwa “tu”: tulijenga, tulisimamia, tulihakikisha ubora. Mtahini akifika mwisho anaufahamu mradi, gharama yake na mkandarasi wake, ila hajui mwombaji alifanya nini. Kwenye ripoti ya usajili, “nilipima”, “nilikataa” na “nilishauri” si majivuno. Ni ushahidi.

Chukua mfano wa zege. Michoro inataka nguvu ya newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba, lakini sampuli za nguzo za ghorofa ya kwanza, zilizopimwa siku ya 28, zimetoa 19. Mwombaji dhaifu ataandika kwamba “changamoto za ubora zilitatuliwa”. Mwombaji imara ataeleza kwamba alisimamisha kazi ya ghorofa inayofuata, akakagua kumbukumbu za uchanganyaji na kukuta maji yalizidishwa, akaomba nguzo zenyewe zitobolewe ili zege lililomo lipimwe, kisha akapeleka majibu kwa msanifu wa muundo akague upya hesabu za mzigo. Ataeleza pia uamuzi upi ulikuwa wake na upi ulikuwa wa aliye juu yake. Kujitwika uamuzi wa bosi ni hatari, kwa sababu swali la pili la mtahini humfichua.

Ripoti ya namna hiyo haihitaji miradi 15. Miradi michache iliyoelezwa kwa vipimo, tarehe, tatizo na sababu za uamuzi hueleza zaidi ya orodha ndefu. Hata kazi iliyoharibika ina nafasi yake, mradi mwombaji aonyeshe alichobadilisha baadaye.

Saini kabla ya watu kutawanyika

Tatizo jingine ni uthibitisho. Ujenzi ni kazi ya kuhamahama. Mradi ukiisha, msimamizi anaweza kuwa Kigali, kampuni ikawa imefungwa na makaratasi yakawa yamepotea. Anayengoja mwaka wa tatu ndipo aanze kutafuta saini hujikuta akiandika kwa kukisia. Daftari la kazi linalojazwa kila wiki na kusainiwa kila mwezi huondoa adha hiyo. Nakala za michoro aliyoichora, hesabu alizofanya na barua alizoandika zihifadhiwe pia, kwa idhini ya mwajiri.

Wadhamini nao wachaguliwe kwa kigezo hicho hicho. Mhandisi wa kawaida aliyeiona kazi ya mwombaji kwa macho yake ana uzito kuliko mkurugenzi anayemjua kwa jina tu. Na kabla ya usaili, ni vizuri kumwomba mhandisi wa fani nyingine asome ripoti na kuuliza maswali. Asipoelewa, huenda mtahini ambaye hakuwahi kufika kwenye mradi huo naye asielewe.

Ukali huu una sababu. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 29, 2016, jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, na kuua makumi ya watu. Mtahini anaposoma faili, anajiuliza kama mtu huyu anaweza kuachwa peke yake kwenye eneo la ujenzi, mkandarasi akiwa na haraka na mwenye jengo akitaka kuongeza ghorofa, na bado akasema hapana. Kwa wahandisi wa Jumuiya swali hilo lina uzito zaidi, kwani saini ya aliyepitishwa na bodi moja inaweza kesho kutegemewa katika nchi jirani.

Kwa mhitimu aliye kazini leo, hatua ya kwanza haingoji fomu ya bodi. Aandike kazi za mwezi uliopita wakati bado anazikumbuka, na ampelekee msimamizi wake azisaini kabla hajahamishiwa mradi mwingine.