Mteja ameacha mafuta, wewe unamuuzia mbegu gani?

Juzi mkulima mmoja wa alizeti kanipigia: "Bwana shamba, nina wateja wameacha nyama, samaki na mafuta ya kupikia. Nimewatangazia kwamba alizeti yangu ina omega-3 ya kutosha. Nimekosea?"

Umekosea, kaka. Na wateja wa namna hii wanasoma sana. Ukiwadanganya mara moja hawarudi.

Iko hivi. Mwili hauwezi kujitengenezea asidi mbili za mafuta: linoleiki, ambayo ni omega-6, na alfa-linoleniki, ambayo ni omega-3. Ya kwanza haisumbui kuipata, imejaa kwenye alizeti, ufuta, mahindi na mbegu za maboga. Kazi iko kwenye ya pili. Mwanamume anahitaji kama gramu 1.6 kwa siku, mwanamke 1.1. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa kinatosha, na kina mafuta gramu 3 hivi tu. Chia nayo kijiko kimoja. Soya inayo kiasi, mboga za majani kidogo sana.

Sasa pesa inapopotea ni hapa. Mbegu za kitani zisiposagwa hupita tumboni nzima nzima. Kwa hiyo miaka ya nyuma nilishauri kikundi kimoja cha vijana wasage kilo 40 zote kwa mpigo, wafungashe kwenye mifuko inayoonyesha ndani ili zivutie. Haikupita miezi miwili unga ukawa unanuka kama rangi ya ukutani. Si ajabu, mafuta ya kitani ndiyo hayohayo wanayochanganyia rangi. Yakikutana na hewa na mwanga yanaharibika upesi. Duka likarudisha mzigo wote. Hasara ikawa yao, ushauri ulikuwa wangu.

Siku hizi nasema: tunza mbegu nzima, kavu. Saga kwa oda. Kifungashio kisipitishe mwanga wala hewa, andika tarehe ya kusaga, mwambie mteja aweke kwenye friji. Chia haina usumbufu huo, ila ailoweke kwanza, asibugie kavu, itamvimbia kooni.

Halafu usiandike kwenye lebo kwamba ni sawa na samaki. Omega-3 ya samaki ni nyingine, na mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya hii yetu kuwa ile. Mjamzito akikuuliza, mwelekeze kliniki.

Yule kijana ameshafuta tangazo lake. Jana kaniuliza ekari moja ya chia inataka mbegu kiasi gani.