Reli mpya Shinyanga: Pamba itaishia Isaka?

ROBOTA la pamba likitoka kwenye kiwanda cha kuchambulia mjini Shinyanga, lina safari ya takriban kilomita 1,000 kabla ya kufika bandarini Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje, na zaidi ya asilimia 90 ya zao hilo hutoka kanda ya magharibi, Shinyanga ikiwamo. Kwa hiyo nauli ya safari hiyo ni suala la mkulima, hata kama hajawahi kupanda treni.

Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928, na ndiyo iliyobeba pamba ya Usukuma kwa miongo mingi. Udhaifu wake mkubwa haukuwa Shinyanga, ulikuwa mbali. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mvua imenyesha Morogoro, mzigo umekwama kanda ya ziwa. Wafanyabiashara wengi waliohamia kwenye malori hawakurudi.

Ndiyo maana mahandaki manne ya reli ya kisasa (SGR) huko Kilosa, yenye jumla ya takriban kilomita 2.6, yana maana kwa mtu wa Kishapu. Treni sasa inapenya milimani badala ya kukumbatia ukingo wa mto, na tangu mwaka 2024 abiria wanasafiri kwa umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma.

Kwa upande wa Shinyanga, kipande kinachohusika ni Mwanza–Isaka, chenye kilomita 341: 249 za njia kuu na 92 za njia za kupishania. Mkataba ulisainiwa Januari 2021 na kampuni mbili za China, kwa muda wa miezi 36, na jiwe la msingi likawekwa Fela, Misungwi, Juni mwaka huo. Miezi 36 ilipita. Mwaka 2025 kazi ilikuwa imevuka asilimia 60 tu.

Lakini hata kipande hicho kikikamilika, kitaishia Isaka. Kati ya Isaka na Makutupora kuna kilomita 424 za njia kuu, kupitia Tabora, ambazo ujenzi wake uko nyuma zaidi. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kuingia kwenye nyingine. Pengo hilo lisipozibwa, marobota yatashushwa Isaka na kupakiwa upya kwenye behewa jembamba au lori. Isaka inaijua kazi hiyo, kwani bandari kavu yake imehamishia malorini mizigo mingi ya Rwanda. Gharama ya kushusha na kupakia, hata hivyo, halipi tajiri wa mjini. Mnunuzi huihesabu kabla ya kutangaza bei ya kilo kwenye chama cha msingi.

Shinyanga haina milima ya kutoboa. Ina mbuga, ule udongo mweusi unaoshika maji kwenye majaruba ya mpunga. Mkulima anaupenda, mhandisi anauogopa: masika huvimba, kiangazi hupasuka hadi mguu wa ng'ombe unazama. Tuta la reli haliwezi kukaa juu yake hivi hivi. Udongo huo huchimbwa na kuondolewa, kisha kifusi kigumu kinaletwa kutoka kwingine.

Tuta likishainuka, linakata vijiji na malisho. SGR huzungushiwa uzio na haina makutano ya kuvukia juu ya reli. Watu na mifugo hupita chini au juu yake. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mia, umbali kutoka kivuko kimoja hadi kingine ni saa za kutembea kwenda lamboni. Hilo lilistahili kujadiliwa kwenye mikutano ya vijiji kwa uzito uleule wa fidia.

Kuhusu fidia, sheria iko wazi. Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001 hazitaji thamani ya ardhi na nyumba peke yake. Zinataja pia mazao, posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida iliyopotea, pamoja na riba malipo yakichelewa. Asiyejua orodha hiyo husaini fomu akidhani amelipwa yote.

Wachimbaji wakubwa hawana wasiwasi sana. Dhahabu ya Geita haihitaji treni kufika sokoni. Kwao reli ni ya saruji, chokaa, mafuta na mitambo inayokuja. Pamba, mchele na ng'ombe ndivyo vinavyokwenda kwa tani. Njia za kupakilia na maghala katika stesheni za Shinyanga, Seke na Malampaka ndizo zitakazoamua kama mzigo huo utapanda treni, au utaendelea kusubiri lori kando ya barabara.