Je, Wajua? Nambari 126 na 127 Si Jawabu Moja
Je, wajua ya kuwa katika kompyuta itumiayo Linux, programu uionayo kiooni kwa kawaida haina mamlaka ya kubadili hata saa ya mashine? Karani wa duka la kuchapa nyaraka pale Ukunda, njia panda ya kwendea Diani, atakapo kurekebisha saa iliyorudi nyuma baada ya betri ya ndani kufa, programu yake hupeleka ombi kwa msaidizi aliyekabidhiwa idhini, naye, kama mwenyeji wa Kaya Kinondo ambaye pasipo yeye mgeni haingii msituni, hutenda lile aliloruhusiwa, kisha huleta jawabu.

Na jawabu ndilo lenye uzito. Amri iitwayo pkexec, itumiwayo kwa kazi za namna hii, hurejesha 126 ikiwa mtumiaji amelifunga mwenyewe dirisha la nywila, na 127 ikiwa idhini imekosekana au pametokea hitilafu. Aliyeghairi kwa hiari yake hastahili kutishwa kwa maandishi mekundu, bali aliyenyimwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha fasaha; na msaidizi aliyekatika njiani pasipo kujibu asihesabiwe kamwe kuwa amefaulu.

Msaidizi naye huhitaji kuhakikiwa: Januari 2022 ilitangazwa dosari iliyokuwamo ndani ya pkexec tangu 2009, ambapo, kwa kutokagua iwapo imepewa hoja hata moja, ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kutwaa mamlaka yote ya mashine.